Maji Kwanza: Dawa za Kuzuia Kuharisha na Usalama wa Wanyama Wetu

Nimekuja kutetea hoja moja: mnyama anayeharisha mara nyingi huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini, kwa hiyo dawa inayofunga tumbo bila kurudisha maji hayo haimwokoi, na pengine humwongezea hatari. Hoja hii ikikubalika, mpangilio wa kazi zetu unabadilika. Maji yanatangulia, uchunguzi wa chanzo unafuata, na dawa ya kufunga tumbo inakuja mwisho, kama itahitajika. Leo katika mazizi na nyumba nyingi za Afrika Mashariki mpangilio ni wa kinyume. Ndama akianza kuharisha alfajiri, kabla ya saa nne asubuhi mtu ameshatumwa dukani kuleta chupa ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini. Mbwa akichafua baraza, kidonge kilichobaki tangu mtoto alipougua kinatolewa kabatini. Anayefanya hivyo anampenda mnyama wake, wala simshutumu. Ninachotaka tukipime pamoja ni kama tendo hilo linagusa kile kinachomuua mnyama.

Tuanze na ndama, kwa sababu kwake mambo haya yanaonekana wazi kuliko kwa mnyama mwingine. Katika siku nne au tano za mwanzo wa maisha yake, adui mkubwa ni aina ya bakteria wa E. koli wanaojishika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo haichubui utumbo. Inaufanya umwage maji na chumvi kutoka kwenye damu. Baadaye kidogo, hadi kufikia wiki ya nne hivi, huja virusi vya rota na vya korona pamoja na kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu. Hawa huharibu tabaka la ndani la utumbo, lile linalofyonza chakula na maji. Njia ni mbili, matokeo ni mamoja. Ndama wa kilo 40 aliyepoteza asilimia 8 ya uzito wake amepoteza zaidi ya lita 3 za maji, na hasara hiyo inaweza kutimia ndani ya siku moja. Macho yanazama, ngozi ya shingo ukiifinya inachelewa kurudi, ufizi unakauka, hamu ya kunyonya inapungua. Maji hayo hayaondoki peke yake. Yanatoka na sodiamu, potasiamu na baikaboneti, na hiyo baikaboneti ndiyo inayozuia damu isizidiwe na asidi. Damu ikizidiwa, ndama analegea, analala, hanyonyi hata ukimtia kidole mdomoni, na potasiamu inayohama kutoka ndani ya chembe za mwili kuingia katika damu inavuruga mapigo ya moyo. Hicho ndicho kifo chenyewe. Kinyesi kilichotapakaa zizini ni alama yake tu.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mfugaji alishike. Maji yaliyokwisha kumwagika ndani ya utumbo yameshapotea kwa mwili hata kama hayajatoka nje. Ndiyo maana wapo ndama wanaozimia na kufa kabla mwenyewe hajaona kinyesi kingi: tumbo limejaa maji, mishipa ya damu imepungukiwa. Kwa hiyo wingi wa kinyesi unachokiona chini si kipimo cha kuaminika cha hasara. Dawa inayolegeza misuli ya utumbo ili kinyesi kisitoke huyaacha maji yale palepale yalipo, na huwaacha humo humo bakteria na sumu zao. Zizi linakuwa safi, mwenye mnyama anapata faraja, na ndama anaendelea kukauka huku hakuna tena dalili ya kumshtua mtu.

Tunajuaje basi kwamba kurudisha maji kunaokoa maisha? Ushahidi ulio mzito zaidi ulitoka kwa binadamu. Mwaka 1960 mjini Prague, mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba utumbo mwembamba unapitisha glukosi na sodiamu kwa mlango mmoja, kwa pamoja, na maji huzifuata. Mlango huo hubaki mzima hata sumu ya kipindupindu inapokuwa inafanya kazi yake. Mwaka 1968 mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa, si kwa dripu peke yake. Kisha ukaja mwaka 1971. Vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, kipindupindu kikazuka, na katika kambi ya Bangaon dripu zikawa haba. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi, baikaboneti na glukosi katika maji safi, akawaachia jamaa wa wagonjwa wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo ambavyo vilikuwa vimefikia karibu asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Wagonjwa wale waliendelea kuharisha kwa muda walipokuwa wakinywa. Waliishi kwa sababu kilichoingia kilizidi kilichotoka.

Elimu hiyo ilihamia kwa mifugo, na leo dawa za unga za kuwarudishia ndama maji na chumvi zimejengwa juu ya msingi uleule. Mama yeyote wa Tanzania au Kenya aliyepitia kliniki na mtoto anajua kwamba mtoto akiharisha anapewa ORS, yaani maji ya chumvi na glukosi, na anaendelea kunyonyeshwa. Inashangaza kwamba elimu hiyo inaishia mlangoni mwa nyumba na haifiki zizini, ilhali utumbo wa ndama unafuata kanuni ileile. Tofauti zipo, na ni lazima tuzijue. Ndama hana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya mezani, hii tunayotia kwenye chai. Ukimpa nyingi, inabaki utumboni, inavuta maji zaidi na kuharisha kunazidi. Anahitaji glukosi yenyewe, ile ya unga inayouzwa madukani. Pia anahitaji sodiamu nyingi kuliko mtoto wa binadamu, na kitu cha kupunguza asidi ya damu. Kwa hiyo lililo bora ni unga uliotengenezwa kwa ajili ya ndama. Unapokosekana, pakiti ya ORS ya binadamu iliyokorogwa kwa kipimo chake haikidhi mahitaji yote ya ndama, lakini ni msaada wa kweli wakati unamsubiri daktari wa mifugo, na inashinda kwa mbali kumwacha bila chochote. Lita mbili mara mbili au tatu kwa siku, katikati ya milo ya maziwa, ni kiasi cha kawaida kwa ndama anayeweza kunyonya. Asiyeweza kunyonya asimiminiwe kwa chupa kwa nguvu, maana maji yatakwenda mapafuni. Huyo ni wa dripu, na ni wa siku hiyohiyo.

Maziwa yasikatwe. Zamani ilishauriwa ndama anayeharisha anyimwe maziwa kwa siku moja au mbili ili utumbo upumzike, na ushauri huo bado unazunguka vijijini. Umeachwa kwa sababu nzuri: maji ya chumvi na glukosi hayana nishati ya kumtosha ndama, na anayenyimwa maziwa anadhoofu upesi wakati ambao utumbo wake unahitaji lishe ili ujijenge upya.

Sasa nije kwenye dawa zenyewe, na nianze na ile inayojulikana kuliko zote, loperamidi. Iligunduliwa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni ndugu wa morfini, ila imeundwa ifanye kazi kwenye utumbo na isiingie kwenye ubongo. Utumbo unapunguza mwendo, kinyesi kinakaa muda mrefu zaidi, maji kiasi yanafyonzwa. Kwa mtu mzima mwenye tumbo la safari ni dawa nzuri. Usalama wake, hata hivyo, unategemea kitu kimoja: pampu iliyoko kwenye mishipa ya ubongo inayoisukuma dawa itoke nje kila inapojaribu kuingia. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, wakiongozwa na Katrina Mealey, walieleza kasoro ya kurithi inayowanyima baadhi ya mbwa pampu hiyo. Kasoro hiyo imeenea sana katika jamii ya Collie na mbwa wengine wa kuchungia kondoo, na baadhi ya German Shepherd wanayo pia. Ni kasoro ileile inayofanya dozi kubwa ya ivermektini, dawa ya minyoo na kupe tunayoifahamu sote, iwaangushe mbwa hao. Mbwa wa namna hiyo akipewa loperamidi kwa kipimo cha kawaida, dawa inaingia ubongoni: anapepesuka, anatokwa na udenda, anaweza kupoteza fahamu. Mbwa wetu wengi ni chotara, na hakuna anayeweza kutazama manyoya ya mbwa akajua kama amerithi kasoro hiyo.

Upo pia ukweli wa hesabu. Kidonge cha loperamidi ni cha miligramu 2. Kipimo ambacho madaktari hutumia kwa mbwa ni takribani miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito, yaani kidonge kizima ni cha mbwa wa kilo 20. Paka wa kilo 4 akipewa kidonge hicho amepata mara tano ya kipimo hicho, na paka ni mnyama ambaye dawa za ukoo wa morfini zinaweza kumtia wazimu badala ya kumtuliza. Mtu anayegawa nusu kidonge kwa kukisia hajui amegawa nini.

Kisha kuna swali la kilichomo tumboni. Mwaka 1973 Herbert DuPont na Richard Hornick walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wenye kuhara damu kwa sababu ya bakteria wa shigela waliopewa dawa ya kufunga tumbo ya aina hii. Homa yao ilichukua muda mrefu zaidi kushuka. Maelezo yake hayana ugumu: mwendo wa kasi wa utumbo ni mojawapo ya njia za mwili za kujisafisha, na ukiusimamisha bakteria wanaoingia kwenye ukuta wa utumbo wanapata nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 matone ya loperamidi ya watoto wachanga yaliondolewa sokoni Pakistan baada ya vifo vya watoto ambao utumbo wao ulisimama kabisa. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa tathmini ya dawa zinazotumika kwa watoto wanaoharisha, na dawa za kupunguza mwendo wa utumbo hazikuonekana kuwa na nafasi. Kama hilo limesemwa juu ya mtoto anayeweza kulia na kushika tumbo, tunapaswa kujihadhari mara mbili kwa mtoto wa mbwa asiyeweza kutueleza lolote, hasa kinyesi chake kikiwa na damu.

Dawa za udongo, kama kaolini, ni za upole zaidi, na hatari yake iko mahali pengine. Kaolini hukifanya kinyesi kiwe kizito bila kupunguza sana maji yanayopotea. Mwenye mnyama anaona maendeleo ambayo mwili haujayapata. Dawa ya rangi ya waridi yenye bismuti ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ndani yake kuna salisilati, ndugu wa aspirini. Ini la paka halina uwezo wa kawaida wa kuivunja salisilati. Aspirini ambayo mbwa ataimaliza kwa saa kadhaa hubaki kwa paka kwa siku kadhaa, na dozi za kurudiarudia hujikusanya hadi kuwa sumu. Bismuti pia hukifanya kinyesi kiwe cheusi, na kinyesi cheusi ndiyo alama ya damu iliyovuja tumboni, kwa hiyo dawa yenyewe inaweza kuficha dalili ambayo daktari angeitafuta. Tena tusome lebo za sharubati za binadamu: zailitoli, utamu unaotumika badala ya sukari, hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla na kuweza kumuua.

Nimeziweka antibiotiki mwisho kwa makusudi, kwa kuwa hapa ndipo penye mazoea makubwa na madhara mapana. Virusi vya rota, korona na parvo havifi kwa antibiotiki. Kriptosporidiamu hafi kwa oksitetrasaiklini wala kwa penisilini. Minyoo hawafi kwayo. Ukiwaondoa wanyama wenye vimelea hivyo vyote, wanaobaki ni sehemu tu ya wanaoharisha, si wengi wao. Kwa wanyama wengine antibiotiki yenyewe ndiyo ugonjwa. Sungura na simbilisi wanategemea bakteria wema wa utumbo mpana kusaga majani. Wape amoksilini au klindamaisini kwa mdomo, bakteria hao wanakufa, bakteria wabaya wa klostridia wanatawala, na mnyama anakufa kwa kuharisha kulikoletwa na dawa. Wafugaji wa sungura wanaoongezeka mijini na vijijini wanapaswa kuambiwa hili dukani kabla hawajalipa. Punda na farasi nao wana utumbo mpana unaovurugika kwa urahisi, na linkomaisini kwao ni sumu.

Anayepinga atasema, na ana haki ya kusema: mbona nilimpa dawa na akapona? Jibu ni kwamba kuharisha kwa ghafla kwa mbwa mzima mwenye afya aghalabu hupita kwenyewe. Mwaka 2020 lilichapishwa jaribio lililowagawa mbwa makundi mawili, kundi moja likipewa antibiotiki ya metronidazoli na jingine kidonge kisicho na dawa, bila wenyewe kujua nani kapewa nini. Waliopewa metronidazoli kinyesi chao kilirudi katika hali ya kawaida kwa wastani wa siku 2.1, wasiopewa kwa siku 3.6. Sitaificha tofauti hiyo. Ipo, ni kama siku moja na nusu. Lakini jaribio jingine kabla yake halikuona faida ya maana, na wasiopewa dawa hawakubaki wagonjwa. Upande wa pili wa mizani, dawa hiyo hubadilisha bakteria wa tumbo la mbwa kwa majuma kadhaa, na kwa dozi kubwa au ya muda mrefu huvuruga ubongo. Mwaka 2024 wataalamu wa Ulaya walitoa mwongozo unaoshauri kutotumia antibiotiki kwa mbwa wenye kuharisha kwa kiasi kidogo au cha wastani, na wakazibakizia wale walio mahututi wenye dalili kwamba maambukizi yamesambaa mwilini. Naona hukumu hiyo ni ya haki. Siku moja na nusu ya kinyesi laini haitoshi kuwa sababu ya kutumia dawa ambayo kesho tutaihitaji kuokoa maisha.

Tena kesho hiyo si ya mbali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonyesha kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizobeba mzigo mzito zaidi. Antibiotiki anayochomwa ng'ombe wa maziwa huingia katika maziwa yake, na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa usipofuatwa, mtoto wa jirani ndiye anayeinywa. Usugu unaozaliwa zizini hauna sababu ya kubaki zizini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linastahili heshima. Daktari wa mifugo yuko mbali, kumleta ni gharama, afisa mifugo mmoja anahudumia kata nzima, na chupa ya oksitetrasaiklini iko hapo dukani kwa bei ndogo. Mfugaji afanye nini? Ningekubali pingamizi hili lau ningekuwa namwambia asubiri mikono mitupu. Ninachosema ni kwamba katika vitu vyote anavyoweza kununua bila daktari, maji ya chumvi na glukosi ndiyo yenye bei nafuu, ndiyo yenye ushahidi mkubwa, na ndiyo ambayo kukosea kwake kuna madhara madogo mno. Umaskini ni sababu ya kuanza na maji. Mfugaji mwenye fedha za kitu kimoja tu asizimalize kwa kitu ambacho pengine hakimhusu mdudu aliyeko tumboni.

La tatu husemwa na wazee wengi: kumpa maji mnyama anayeharisha ni kumwongezea kuharisha. Kuna chembe ya ukweli. Kinyesi kinaweza kuongezeka kidogo mnyama anapoanza kunywa. Watu wa Bangaon nao walionekana vivyo hivyo. Kinachopaswa kutazamwa ni macho, ufizi, mkojo na nguvu ya kunyonya. Hivyo vikirudi, mnyama anapona hata kama mkia bado ni mchafu.

Baada ya maji, chanzo. Tumbo linaloharisha mara nyingi linatangaza ugonjwa wa mwili mzima. Ng'ombe mwenye ndigana kali anaweza kuharisha mwishoni, tezi zikiwa zimevimba na homa iko juu. Kumfunga tumbo ni kupoteza saa ambazo angepata dawa ya ndigana. Mbuzi na kondoo wanaoharisha kwa wingi huku midomo imechubuka, macho na pua vinatoka uchafu na pumzi ni za shida, wanatuambia wana sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa ambao Kenya na Tanzania zimepambana nao tangu miaka ya 2000. Huo ni wa kutoa taarifa kwa ofisi ya mifugo na kuchanja walio wazima. Njia hiyo inafanya kazi: sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 kwa chanjo, ufuatiliaji na utoaji wa taarifa. Kuku wenye kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, wanakufa mmoja baada ya mwingine, wana mdondo. Hakuna unga wa kuwatilia kwenye maji utakaouponya. Kuna chanjo ya kuuzuia. Vifaranga wenye kinyesi cha damu huenda wana koksidia, ambao wana dawa yao maalumu. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali huenda ana parvo, kirusi kilichoibuka mwishoni mwa miaka ya 1970 na kinachoweza kukaa katika udongo wa uani kwa miezi mingi. Huyo anahitaji dripu na uangalizi wa siku kadhaa, na waliobaki wanahitaji sindano ya chanjo. Katika orodha hii yote sioni mahali ambapo loperamidi ingetangulia.

Tusisahau afya zetu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha nchi saba za Afrika na Asia ikiwemo Kenya, ulikuta kriptosporidiamu miongoni mwa visababishi vikuu vya kuharisha kukali kwa watoto wachanga. Baadhi ya jamii za kijidudu huyo huishi kwa ndama pia. Salmonela na kampilobakta nao hawabagui. Anayemhudumia mnyama anayeharisha anawe mikono kwa sabuni, na watoto wadogo wasicheze katika zizi la ndama mgonjwa.

Je, dawa za kuzuia kuharisha hazina mahali kabisa? Zinapo. Mbwa mzima, asiye na homa wala damu katika kinyesi, anayekula na kunywa, ambaye daktari amempima na kujua jamii yake na dawa nyingine anazotumia, anaweza kupewa loperamidi kwa siku chache ili apate nafuu. Ndama mwenye homa kali na dalili za bakteria katika damu anahitaji antibiotiki, na kuchelewa kunamuua. Halofujinoni hutumika kwa ndama dhidi ya kriptosporidiamu, kwa kipimo cha uangalifu kwa sababu dozi inayozidi kidogo tu ni sumu. Katika kila mfano huo dawa imefuata jibu la swali, na maji yamekwisha kutolewa. Hata kabla ya maji, kinga ya kwanza ya ndama ni dang'a: lita 3 hadi 4 ndani ya saa sita za kwanza, kwa sababu baada ya siku moja utumbo wake haupitishi tena kinga ya mama. Ndama aliyekosa dang'a anaingia vitani bila ngao, na hakuna duka linalouza kinga hiyo siku ya tatu.

Kwa hiyo nina ombi kwa ndugu mnaouza dawa, kwa kuwa ninyi ndio daktari wa kwanza ambaye wafugaji wengi wanamwona. Kabla ya kutoa chupa, ulizeni mnyama ni wa aina gani na ana umri gani. Ulizeni kama ananyonya au anakunywa. Ulizeni kama kuna damu, homa, au wengine waliougua. Wekeni unga wa kurudisha maji mahali pa mbele, kwa bei ambayo mtu ataimudu, na muuze kwa kumweleza mnunuzi namna ya kuukoroga. Kwa wafugaji nasema: wekeni pakiti kadhaa nyumbani kabla ya msimu wa kuzaa, jifunzeni kufinya ngozi ya shingo na kutazama ufizi, na hifadhini namba ya daktari au afisa mifugo wenu kwenye simu. Ndama asiyeweza kunyonya wala kusimama, mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu, na paka aliyekwisha kupewa kidonge cha binadamu ni wagonjwa wa dharura. Kwa hao, mpigieni daktari wa mifugo kabla ya kununua chochote.